Je, Kuna Kabila la Askari? Songea na Tofauti za Uandikishaji Jeshini

Mji wa Songea unaitwa kwa jina la nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Kila mwaka, mwezi wa Februari, mashujaa hao hukumbukwa mjini humo katika makumbusho yaliyoko Mahenge. Mgeni anayehudhuria kumbukumbu hizo huziona ngao na mikuki, husikia sifa za wazee waliokufa bila kuomba radhi, na huenda akarudi kwao akiamini kwamba Wangoni ni watu wa vita kwa asili yao, kama vile samaki alivyo wa maji.

Imani hiyo inaweza kupimwa. Ikiwa vita vimo katika damu ya kabila, basi majeshi yote yaliyoundwa katika nchi hii baada ya hapo yangepasa kujaa vijana wa Songea kupita vijana wa mahali pengine. Mambo hayakuwa hivyo. Walikuwapo Wangoni waliochukua bunduki ya mkoloni, lakini katika enzi ya Mwingereza kijana wa Songea aliyeondoka kwao kutafuta fedha alijulikana zaidi kwa jina la manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wakati huo huo sifa ya uaskari ilikuwa imewahamia wengine: Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe, Wakurya. Tofauti ya namna hii baina ya sehemu na sehemu ndiyo inayohitaji kuelezwa, na maelezo yake hayapatikani katika damu.

Wangoni walikuwa nani?

Asili ya Wangoni ni kusini mwa Afrika. Katika misukosuko iliyofuatana na kukua kwa dola ya Wazulu, kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilikimbilia kaskazini na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. (Tarehe yenyewe, 20 Novemba, inajulikana kwa hakika isiyo ya kawaida katika historia ya nyakati hizo, kwa sababu mapokeo yanasema jua lilipatwa siku ile ya kuvuka, na wanajimu wanaweza kukokotoa kupatwa kwa jua kulikopita.) Zwangendaba alifariki Ufipa, na kundi lake likagawanyika. Sehemu moja ilielekea mashariki hadi nchi ya Songea, ikakuta Wangoni wengine, wa ukoo wa Maseko, wamekwisha kutawala huko. Baada ya kupigana, Wamaseko walifukuzwa katika miaka ya 1860, nao wakarudi kusini na kukaa Ntcheu, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Waliobaki Songea waliunda falme mbili, Njelu na Mshope.

Lililo muhimu kwa mada yetu ni idadi. Wale waliotoka kusini walikuwa wachache. Waliwateka au kuwatiisha Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengineo, wakawaingiza vijana wao katika vikosi vya rika, wakawapa ngao, mkuki na jina la Kingoni. Mateka hodari aliweza kupanda cheo. Ilipofika mwisho wa karne ya 19, wengi sana kati ya watu walioitwa Wangoni walikuwa wajukuu wa wenyeji waliotekwa. Kwa hiyo wale ambao Wajerumani waliwaogopa mwaka 1905 kama kabila la vita walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao babu zao walihesabiwa kuwa wanyonge miaka hamsini tu kabla ya hapo. Muda huo hautoshi kubadili maumbile ya binadamu. Unatosha kabisa kubadili mafunzo, mpango wa rika na matumaini ya kijana.

Askari wa Mjerumani

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipoletwa kupigana na Abushiri pwani, hakutafuta askari katika nchi aliyotaka kuitawala. Aliajiri Wasudani wapatao 600 huko Misri, na kikosi kidogo cha Washangani kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Hapa historia ina kejeli yake: Washangani hao nao walikuwa wazao wa watu waliokimbia misukosuko ile ile iliyomkimbiza Zwangendaba. Yaani ndugu mmoja alikodishwa kama askari, na mwingine, miaka michache baadaye, akaja kuwindwa. Tofauti yao ilikuwa mahali walipokuwa siku mwandikishaji alipopita, na kama walikuwa na nchi ya kulinda katika eneo lililokuwa likivamiwa.

Sababu ya kupenda wageni ni rahisi kueleweka. Askari asiye na shangazi wala shamba katika nchi anayoitiisha hasiti kuchoma ghala ya chakula. Lakini wageni ni ghali, na baadaye Wasudani hawakupatikana kwa urahisi tena. Wajerumani wakageukia ndani, na waliowapata kwa wingi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Watu hawa walikuwa wameshiriki kwa miaka mingi katika misafara ya biashara kati ya pwani na maziwa. Walizoea mwendo mrefu, kambi, amri ya kiongozi wa msafara na malipo ya kazi. Msafara wa pembe na kikosi cha jeshi havikutofautiana sana katika maisha ya kila siku, tena mshahara wa askari ulizidi kwa mbali ule wa kibarua wa shambani. Hivyo ramani ya uandikishaji wa Mjerumani ilifuata njia za misafara kuliko sifa za vita.

Boma la Wajerumani lilijengwa Songea mwaka 1897. Miaka minane baadaye falme zote mbili za Wangoni ziliingia vitani. Mputa Gama, nkosi wa Njelu, alinyongwa pamoja na manduna wake. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji, akauawa huko. Kisha Wajerumani waliteketeza mazao na vijiji ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Makadirio ya waliokufa katika nchi yote iliyoguswa na Maji Maji hufika watu 250,000 hadi 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi.

Jirani zao Wahehe walipita njia nyingine. Wao walikuwa wamekwisha kupigana vita vyao mapema: walimshinda von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na upinzani wao ukaisha kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Mwaka 1905 hawakuingia katika Maji Maji, na baadhi yao walitumiwa na Wajerumani dhidi ya wapiganaji wengine. Basi hapo tuna mataifa mawili yenye mila za vita zinazofanana, yanayopakana kwa karibu, na mkoloni mmoja. Moja lilitoka mwaka 1907 likiwa limevunjwa, halina chakula wala vijana wa kutosha, na linatiliwa shaka. Jingine lilitoka likiwa na sifa ya kuaminika. Mwandikishaji aliyekuja baadaye aliita hali hiyo tabia ya kabila.

Fundisho lililotoka India

Waingereza waliporithi nchi hii walikuja na nadharia iliyokwisha kukomaa. Kabla ya mwaka 1857 jeshi lao la Bengal huko India lilichukua askari wengi kutoka Awadh na Bihar. Askari hao walipoasi mwaka 1857, Waingereza walihamishia uandikishaji wao kaskazini-magharibi, hasa Punjab, pamoja na Wagurkha wa Nepal. Kisha likatungwa fundisho la kwamba Mungu ameumba mataifa ya vita na mataifa yasiyofaa kwa vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Punjab peke yake ilikuwa ikitoa karibu nusu ya jeshi la India. Waliotangazwa kuwa hawafai ni wale wale ambao, kizazi kimoja nyuma, walikuwa uti wa mgongo wa jeshi hilo, na ambao walikuwa wameonyesha ushujaa mkubwa mno upande usiotakiwa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa siasa iliyovaa nguo za sayansi.

Afrika Mashariki fundisho hilo lilitumiwa na jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wananchi waliliita Keya. Vikosi vyake vya Nyasaland vilikuwa na kombania za Wayao, Watonga na Wangoni. Msomaji akumbuke kwamba baadhi ya Wangoni wa Nyasaland, wale wa Maseko, waliwahi kuitawala nchi ya Songea. Kabila moja, ziwa moja, pande mbili za mpaka; upande mmoja jina la Mngoni lilikuwa sifa ya kuandikiwa kombania, upande wa pili lilikuwa bado linanukia Maji Maji. Batalioni ya sita ya Keya, iliyokuja kuwa ya Tanganyika, iliundwa upya mwaka 1917 ikiwa na wengi waliokuwa askari wa Mjerumani. Hawakubadilika kabila walipobadili mwajiri.

Kenya inaonyesha upande wa pili wa sarafu, yaani jinsi uandikishaji unavyowapa watu nguvu ya kisiasa. Wakamba walikuwa wengi katika Keya na polisi. Serikali ilipotaka kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu mwaka 1938, maelfu yao waliandamana hadi Nairobi chini ya Muindi Mbingu. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza mpango wake, na miongoni mwa mambo iliyoyafikiria ni kwamba ndugu za waandamanaji walikuwa wameshika bunduki zake. Uganda matokeo yalikuwa ya kutisha zaidi. Kusini kulilimwa pamba na kahawa; kaskazini, ambako mazao ya fedha yalikuwa haba, kukafanywa ghala ya vibarua na askari. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi jeshi la watu wa kaskazini na uchumi wa watu wa kusini. Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946, alitwaa serikali mwaka 1971, na katika mwaka huo huo askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini mwao kwa sababu ya makabila yao.

Kwa nini manamba?

Turudi Songea. Baada ya Maji Maji vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyochukua wapagazi na chakula pande zote. Majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalivuka Ruvuma kwenda Msumbiji mwezi Novemba 1917 na kurudi kupitia nchi hiyo hiyo mwaka uliofuata. Kisha ikabaki kodi. Kodi hulipwa kwa fedha, na fedha hutoka katika zao au katika mshahara. Songea haikuwa na reli, na usafirishaji wa mazao hadi pwani ulikuwa wa gharama kubwa. Wamatengo wa milimani walipata kahawa. Sehemu za Ungoni zililima tumbaku. Kwingineko, kitu kilichoweza kuuzwa kwa hakika kilikuwa nguvu ya mikono. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichunguza jambo hili miongoni mwa Wangoni na Wandendeule, na uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1955 ungali unasomwa: aliona kwamba kuhama kwenda kazini kulitokana na uhaba wa njia za kupata fedha nyumbani.

Kwa kijana wa namna hiyo, mkonge na jeshi ni masoko mawili ya kazi. Wakala wa mashamba alikuwa akija kila mwaka, akichukua mamia, bila kupima kifua wala urefu. Mkataba wake ulikwisha kwa muda mfupi na mtu akarudi kulima. Keya wakati wa amani ilikuwa na nafasi chache, ilichagua, na ilimfunga mtu kwa miaka. Vita Vikuu vya Pili vilibadili hesabu hiyo kwa muda. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa sheria ya lazima. Lakini Japani ilipoteka nchi za Asia zilizotoa nyuzi na mpira mwaka 1942, mkonge nao ukawa mali ya vita, na mtu aliweza kulazimishwa kwenda shambani kama alivyolazimishwa kwenda kambini. Basi anayesoma takwimu za wakati huo asidhani anasoma mapenzi ya watu.

Jeshi jipya la 1964

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa batalioni ya kwanza waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tabora ikafuata siku moja baadaye. Tarehe 25 Januari maasi yalizimwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza, jambo lililomwonea haya sana Mwalimu Nyerere, na jeshi zima likavunjwa. (Colito ni mahali Ethiopia ambapo Keya ilipigana mwaka 1941. Kambi hiyo sasa inaitwa Lugalo, na wanafunzi wanaweza kutafakari ni kumbukumbu ya nani iliyochukua nafasi ya nani.)

Jeshi lililovunjwa lilikuwa limerithi upendeleo wa Mwingereza kwa baadhi ya makabila. Jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoanza tarehe 1 Septemba 1964, lilijengwa kwa vijana wa TANU kutoka kila mkoa, pamoja na waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwezi Julai 1963. Hapo kipimo cha kabila kiliachwa, na kipimo cha chama kikashika nafasi yake. Kwa nchi iliyotoka kuona maasi, uamuzi huo ulikuwa wa busara, na matokeo yake yanaonekana ukilinganisha Dar es Salaam na Kampala katika miaka iliyofuata. Hata hivyo kipimo cha chama nacho ni kipimo cha siasa: kijana asiye na kadi, au wa mahali ambapo tawi lilikuwa dhaifu, alikuwa mbali zaidi na mlango. Askari waliendelea kuwa wanachama hadi mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudishwa na wao wakakatazwa kujiunga na chama chochote.

Tofauti nyingine ya kisiasa ilijitokeza kati ya wasomi na wasiosoma. Wakati vijana wa vijijini waliomba kuingia JKT kwa hiari, wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga sheria ya kuwalazimisha kutumikia. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Waliokuwa na mengine ya kutazamia maishani waliona miaka ya utumishi kuwa hasara, na waliokuwa na machache waliiona kuwa nafasi. Mpaka nao ukawa na kazi yake. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 mafunzo ya mgambo yalienezwa nchini, na kwa mikoa ya Ruvuma na Mtwara, iliyopakana na Msumbiji ya Mreno, mafunzo hayo hayakuwa gwaride la sikukuu. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo wa mikoa mbalimbali waliitwa, na jeshi lililokuwa na watu wapatao 40,000 likapanuka mara mbili na zaidi katika miezi michache. Katika upanuzi wa namna hiyo tofauti za sehemu hupungua, maana karibu kila mlango huwa wazi.

Namna ya kupima

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili aanze na hesabu ndogo. Tuchukue nchi ya kubuni yenye vijana 1,000,000 wa umri wa kuandikishwa, na askari wapya 1,000. Mkoa wa kwanza una vijana 100,000, nao umetoa askari 150. Una asilimia 10 ya vijana na asilimia 15 ya askari. Uwiano wake ni 1.5. Mkoa wa pili una vijana 200,000, nao umetoa askari 100. Uwiano wake ni 0.5. Mtu wa magazeti atasema kwamba watu wa mkoa wa kwanza wanapenda jeshi mara tatu kuliko wa mkoa wa pili. Sasa wanafunzi wahesabu wasioandikishwa. Katika mkoa wa kwanza ni asilimia 99.85 ya vijana. Katika wa pili, asilimia 99.95. Yaani kijana wa kawaida wa mikoa yote miwili hakwenda jeshini, na hakuna awezaye kumtambua kwa mkoa wake. Uwiano unaeleza kitu cha kweli kuhusu milango ya uandikishaji, lakini hausemi lolote la maana juu ya moyo wa mtu mmoja.

Kisha waulize idadi hiyo imehesabu nini: walioomba, au waliokubaliwa? Waliozaliwa mkoani, au waliojiandikishia hapo? Na waliokubaliwa walitakiwa wawe na cheti cha darasa gani? Kuhusu kabila, swali lenyewe haliwezi kujibiwa kwa takwimu za taifa, kwa kuwa sensa ya Tanzania haikuuliza kabila tena baada ya mwaka 1967. Kenya imechagua njia tofauti. Sensa yake huuliza, na Katiba yake ya mwaka 2010 inataka vyombo vya ulinzi viandikishe watu kwa namna inayoakisi mchanganyiko wa wananchi. Kila njia ina gharama yake: asiyehesabu hawezi kugundua upendeleo, na anayehesabu huwafundisha watu kujihesabu.

Mkoani Ruvuma mtu anayesikia habari za kambi hufikiria Mlale, kikosi cha JKT kilichoko wilaya ya Songea. Vijana wa kujitolea huingia JKT kwa maombi yanayoratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, kwa hiyo idadi yao kwa kila mkoa huamuliwa kwa sehemu kubwa na mgawo. Wale wa mujibu wa sheria ni habari nyingine. Mpango wao ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Ukichora ramani ya mahali wanapotoka vijana hao, utakuwa umechora ramani ya shule za kidato cha tano na sita, na wilaya yenye shule chache za namna hiyo itaonekana haina wazalendo.